Nusu ya Kichwa cha Tunu

Kwa sasa nchi yetu haina jina. Lile la zamani limepelekwa kwenye kamati ya kulisafisha, na kamati imeondoka nalo likizo. Kwa hiyo msinilaumu nikisema "nchi yetu" tu, wala msijaribu kubahatisha ni ipi. Kubahatisha ni kosa, na mimi ni mtumishi wa serikali. Ningelazimika kuwaandika majina.

Naitwa Festo Nambunga, karani wa daraja la tatu katika Wizara ya Utulivu wa Nafsi za Wananchi. Nataka kueleza yaliyompata mwanamke mmoja aitwaye Sijaona, msusi wa mtaa wa Majengo Mapya. Nitafuata mpangilio tuliofundishwa kazini: kwanza tukio, kisha hatua zilizochukuliwa, mwisho pongezi. Pongezi zikinipotea njiani mtanisamehe.

Tukio lenyewe ni kwamba Soko Kuu liliteremkiwa na paa. Nasema "kuteremka" kwa sababu ndilo neno lililopitishwa. Iliundwa tume ya watu kumi na wanane, na mwenyekiti wake akawa yule yule mkandarasi aliyelijenga paa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyelifahamu kuliko yeye. Baada ya miezi mitatu tume ikatoa taarifa: paa halikuanguka, bali liliteremka kwa kasi, na wananchi arobaini na mmoja walikuwa wamesimama mahali wasipopaswa, yaani sokoni. Tangu siku hiyo kuanguka hakuruhusiwi katika nchi yetu. Maembe huteremka. Mwanafunzi akifeli, ameteremka mtihani.

Miongoni mwa wale arobaini na mmoja alikuwamo Tunu, binti wa miaka tisa, mtoto pekee wa Sijaona.

Jumamosi ile mama alikuwa akimsuka barazani. Mtoto alikaa mkekani katikati ya magoti ya mama yake, akijinyonganyonga na kulalamika kama watoto wote wanaosukwa. Alikuwa anamsuka twende kilioni, ile mistari myepesi ya kurudi nyuma ambayo shule zetu huipenda kwa kuwa haina mbwembwe. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Mafuta ya nywele nayo yakaisha.

"Kimbia sokoni uniletee kikopo cha mafuta," mama akasema.

"Mama, watanicheka. Nusu kichwa hivi?"

"Nani ana haja ya kukutazama wewe? Jifunge kitambaa, nenda, rudi."

Akajifunga kitambaa, akaenda.

Mazishi ya wote arobaini na mmoja yalifanyika siku moja, kabla ya adhuhuri, kwa sababu barabara ya makaburini ilihitajika mchana kwa msafara wa Waziri aliyekuwa anakuja kutoa pole. Wanawake waliomwosha Tunu waliuliza kama wammalizie ule upande wa kushoto. Sijaona akasema hapana, atammalizia mwenyewe. Akaenda kutafuta kitana. Aliporudi, askari wa usalama barabarani walikuwa wamekwisha kuwaharakisha watu, na mtoto alikuwa amechukuliwa.

Hakulia. Siku ya kwanza watu walisema ni mshtuko. Wiki ya pili walisema ana moyo wa jiwe. Baadaye wakaacha kusema, wakawa wanapunguza sauti tu anapopita.

*

Siku arobaini zilipotimia, Sijaona alichukua kigoda chake akaenda penye kile kiwanja ambacho zamani kilikuwa soko. Ilikuwa saa kumi alasiri. Akakaa, akaachanisha magoti, akainama kidogo, vidole vyake vikaanza kusuka hewani. Aligawa nywele ambazo hazipo kwa kitana ambacho hakipo. Alimsogeza mtoto asiyekuwapo kichwa upande, na mara moja moja alimpiga kofi dogo la begani ili atulie.

Siku ya tano kulikuwa na watu kumi wanamtazama. Wiki iliyofuata walikuwa mia, na hakuna aliyesema neno.

Polisi wetu hawapendi watu mia wanaonyamaza. Wanaopiga kelele angalau mtu unajua wanataka nini. Mkuu wa kituo akaandaa shtaka: "Kusuka bila kichwa mahali pa umma." Lakini alipopekua sheria akaona hakuna kifungu, akaandika kwamba suala hili ni la nafsi, akalisukumia wizarani kwetu. Wizarani likashuka ngazi kwa ngazi, kila mkubwa akiligusa kwa ncha ya kalamu, mpaka likafika kwangu. Chini yangu hakuna mtu. Ndiyo maana nikatumwa nikachunguze.

Nilikaa siku tatu na daftari langu. Siku ya pili nilimwona mzee mmoja anatoka katikati ya watu. Alikuwa Mzee Chiwanga, fundi wa redio, ambaye mkewe alikuwa akiuza nyanya humo sokoni. Alichuchumaa hatua kadhaa kutoka kwa Sijaona, akanyoosha kidole kwenye mchanga.

"Hizi kiasi gani?" akauliza. Akasikiliza. "Ha! Mama, umezitia dhahabu? Hebu punguza. Mimi si mteja wako wa siku zote?" Akasikiliza tena, na mara akacheka, akacheka sana, hata akalazimika kushika mchanga kwa mkono. "Mchoyo wewe. Miaka thelathini nakula kwako na bado hunipunguzii."

Halafu akafuta macho, akainuka, akaenda zake. Nilimfuata nikamuuliza, kwa niaba ya serikali, anajisikiaje.

"Mwanangu," akaniambia, "tangu siku ile nilikuwa silali. Leo nafikiri nitalala."

Kesho yake walikuja wengine. Kila mmoja alifanya kitu chake kidogo kwenye mchanga ule: mwingine alipanga magunia, mwingine alimnunulia mtu kahawa. Sina elimu ya mambo hayo. Nilichoona ni kwamba walikuja wamejikunja na wakaondoka wamenyooka kidogo.

Siku ya tatu nilimsogelea Sijaona mwenyewe. Nilikuwa nimegundua jambo. Alikuwa akisuka ule upande wa kushoto mstari kwa mstari, vizuri kabisa, na akifika mstari wa mwisho anaufumua wote.

"Shikamoo dada," nilisema, ingawa pengine tulikuwa rika moja. Sikujua namna nyingine ya kuanza.

"Marahaba, kaka."

"Samahani. Mbona humalizi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbona anapumua.

"Nikimaliza atainuka," akasema. "Huwajui watoto? Ukifunga tu ule wa mwisho, huyo, keshakurupuka kwenda kucheza."

Niliandika ripoti. Wenzangu huandika "hali ni shwari" na kwenda kunywa chai, lakini mimi siku hiyo sijui kilinipata nini. Niliandika ukurasa mzima wa kweli. Niliandika kwamba mwanamke huyu aachwe, tena asisumbuliwe hata kidogo, kwa sababu anachofanya kinawatibu watu kuliko wizara nzima.

Ndilo kosa langu. Ripoti ilisomwa.

*

Waziri wetu, Mheshimiwa Gumbo, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwenye kongamano la ng'ambo ambako wataalamu walieleza kwa siku nne kwamba sanaa ya kutenda kitu mbele za watu inaweza kutibu majonzi. Alikuwa amelala siku tatu, lakini ile ya nne aliisikia. Alipoisoma ripoti yangu akaruka kitini.

"Kumbe tunayo hapa hapa!" akasema. "Na haina usimamizi!"

Wiki haikuisha. Kiwanja kikazungushiwa mabati, likapachikwa bango: Kituo cha Taifa cha Tiba kwa Igizo. Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia.

"Ndugu wananchi! Machozi ni maliasili. Kwa miaka mingi yamekuwa yakimwagika ovyo, majumbani, jikoni, kwenye mito ya kulalia, bila taifa kunufaika hata tone. Zama hizo zimekwisha! Kuanzia leo tutalia kwa mpango, kwa awamu na kwa kupokezana!"

Tukapiga makofi kwa mpango.

Kuingia kituoni kulihitaji Fomu ya Maombi ya Kuhuzunika. Mwombaji alitakiwa kutaja chanzo cha huzuni kwa kuchagua kati ya vinne: ukame, maradhi, mapenzi na mpira. Paa halikuwamo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya dirisha siku Sijaona alipofika na kigoda chake, na mwenzangu wa dirishani alikuwa kijana mwaminifu sana kwa kazi.

"Jina?"

"Mama Tunu."

"Huyo Tunu yupo?"

"Hayupo."

"Basi, mama, huwezi kuwa mama wa mtu asiyekuwapo. Fomu haikubali. Jina lako la kuzaliwa?"

"Sijaona."

"Hujaona nini?"

"Ndilo jina langu. Sijaona."

Kijana akaandika: "Mwombaji hajaona chochote." Karatasi hiyo baadaye ilipelekwa kwenye tume ya paa ikawekwa pamoja na ushahidi wa mashuhuda. Chanzo cha huzuni akamwekea alama kwenye ukame.

Nilitaka kusema neno. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikakumbuka kwamba fomu ile ilikuwa na saini yangu pale chini, kwa maana mimi ndiye mbunifu wa wazo zima; Waziri alikuwa amenitaja kwenye hotuba.

Mzee Chiwanga alikuja naye. Kwa kuwa huzuni yake ilihusu nyanya, faili lake lilihamishiwa Wizara ya Kilimo, likakaa huko wiki tatu. Liliporudi aliruhusiwa kuingia, akachuchumaa pale pale pake.

"Hizi kiasi gani?" akauuliza mchanga.

Afisa wa kilimo aliyeandamana naye akamgusa bega. "Mzee, nyanya zina bei elekezi. Huruhusiwi kubishana na muuzaji."

"Lakini ni mke wangu."

"Hata mke. Bei ni ya taifa."

Mzee Chiwanga akaendelea kuchuchumaa. Midomo yake ilicheza kidogo, kama anayetafuta njia nyingine ya kuingilia mazungumzo yale, akaikosa. Akainuka kwa kujishika goti. Sikumwona tena kituoni. Majirani walisema usiku redio zake huwa zinalia zote kwa pamoja.

*

Maadhimisho ya mwaka mmoja wa Kuteremka kwa Paa yalikaribia, na Waziri akaagiza onyesho kubwa. Mwelekezaji alikuwa Bwana Kasiano, Msanii Mkuu wa Serikali, mtu mwenye kitambaa shingoni hata kwenye joto. Alitaka kulijenga onyesho juu ya tendo la Sijaona, na kwa haki kabisa akamwita Sijaona aje afanyiwe usaili wa nafasi ya Sijaona.

Walikuwa watu wanne mezani; mimi nilikuwa naandika. Sijaona akaweka kigoda, akakaa, akasuka. Mle ukumbini kukawa kimya hata nikasikia kalamu yangu, nikaacha kuandika.

Alipofumua mstari wa mwisho Bwana Kasiano akakohoa.

"Mama, tunashukuru. Tatizo, huzuni yako haionekani kutoka safu ya kumi. Hutoi sauti. Hugaragari. Mtazamaji atajuaje kwamba una uchungu?"

"Sijui, baba," Sijaona akasema.

"Na jambo la pili. Kwa nini unafumua? Hii ni sherehe ya taifa. Taifa halina kichwa kilichosukwa nusu. Lazima nywele zimalizike, mtoto ainuke, acheke, akimbie akalipungie mkono jukwaa kuu."

"Ainuke?"

"Ainuke! Hapo ndipo matumaini."

Sijaona akaokota kigoda chake. Mlangoni akageuka akanitazama mimi, siyo wao. Nikainamia daftari.

Nafasi akapewa mwigizaji mwenye cheti, mwenye sauti ya kufika safu ya hamsini. Mtindo wa nywele ukajadiliwa kwa saa mbili, maana kuita msuko "twende kilioni" katika sherehe ya serikali kulionekana ni uchochezi. Ukapewa jina jipya: "Twende Shereheni."

Wiki moja kabla ya sherehe nilitumwa nyumbani kwa Sijaona kumpelekea Cheti cha Kupona. Alikuwa amehudhuria kituoni mara thelathini, na kwa mujibu wa kanuni, majonzi ya aina yoyote huisha mara ya thelathini.

Alikuwa barazani anapepeta mchele. Akanikaribisha, akanipa kiti, akakisoma cheti chote polepole pamoja na nambari.

"Kwa hiyo siruhusiwi tena kwenda?"

"Aliyepona akiendelea kuhuzunika anakuwa ametoa taarifa za uongo, dada."

"Na nikisema sijapona?"

Nilifungua mkoba nikaangalia, ingawa nilijua. "Fomu ya hivyo haipo."

Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama nitakunywa chai. Nikanywa.

*

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Waliopona walikuwa na sehemu yao, wamevaa kofia na fulana zenye picha ya paa linalotabasamu. Sijaona alikaa safu ya tatu. Nilikuwa nyuma yake kidogo. Kazi yangu ilikuwa kunyanyua kibao chenye neno "MAKOFI" na kingine chenye neno "MACHOZI".

Mwigizaji akaingia kwa ngoma. Akalia kwa sauti, akajitupa chini, akainuka, akakaa kwenye kiti cha dhahabu. Katikati ya magoti yake akaketishwa mtoto wa kweli, binti wa kama miaka tisa kutoka shule ya watoto wa wakubwa, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine umeachwa timutimu. Nikanyanyua MACHOZI. Waziri akalia. Mwigizaji akaanza kusuka ule upande wa kushoto.

Nilimwona Sijaona akiegemea mbele. Mwigizaji alisuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipobaki mmoja, ngoma zikaongezwa. Sijaona akasimama.

"Basi hapo," akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na jirani.

Mwigizaji akaendelea. Mtoto akaanza kukusanya miguu ili ainuke.

"Msimmalize!" Sijaona akapiga ukelele. Sauti ile sikujua anayo. "Jamani, nawaomba, msimmalize! Msimmalize mwanangu!"

Uwanja mzima ukaganda. Katika lugha yetu neno hilo lina maana mbili, na ile ya pili ndiyo iliyowafanya polisi washike virungu, na mkandarasi, aliyekuwa ameketi jukwaa kuu, atazame viatu vyake. Kwa pumzi moja au mbili kila mtu katika uwanja ule alijua alichokuwa akikijua siku zote. Mimi nilikuwa na vibao viwili mikononi. Ningeweza kuvitupa chini. Nimeifikiria pumzi ile mara nyingi.

Waziri akageukia Bwana Kasiano. Bwana Kasiano, mtu mwenye kipaji, akasimama akaanza kupiga makofi.

"Ajabu!" akasema kwenye kipaza sauti. "Igizo limeshuka kwa wananchi! Ndugu zangu, hii ndiyo sanaa!"

Waziri akacheka kwa ahueni, naye akapiga makofi. Wote wakageuka wakanitazama mimi. Nikanyanyua kibao.

Uwanja ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Waliokuwa karibu na Sijaona walimkumbatia, wakampa pongezi. Kadiri alivyosema "Siigizi, jamani, siigizi," ndivyo walivyozidi kushangilia. Na nyuma ya kelele zile mwigizaji akafunga mstari wa mwisho. Mtoto akainuka, akakimbia, akalipungia mkono jukwaa kuu.

Sijaona akakaa. Akavua kofia akaiweka mapajani.

*

Onyesho lilipendwa. Likapangwa kila Ijumaa, na kwa kuwa ukelele ule ndio uliosifiwa kuliko yote, ukaingizwa rasmi. Aliajiriwa mama mwingine, mwenye umbo la kuvutia, awe anasimama safu ya tatu na kupiga kelele "Msimmalize!" kwa wakati uliopangwa. Watu wakazoea. Sasa neno hilo halimshtui hata askari.

Ilibidi Sijaona atie saini kwamba maneno yale ni mali ya taifa. Kwa kuwa nilikuwa naijua nyumba, nilitumwa mimi.

Nilimkuta ameketi mkekani barazani, mgongo ukutani. Hakuwa amewasha jiko. Nikamweleza karatasi ni ya nini. Hakuisoma safari hii.

"Chukueni tu," akasema, akatia saini.

Nilipaswa kuaga. Badala yake nikajisikia nasema, "Dada, ile ripoti ya kwanza niliiandika mimi. Nilidhani nakusaidia."

"Najua, kaka. Uliandika vizuri. Mwenzako alinisomea pale dirishani."

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika ukingo wa baraza. Ilikuwa saa kumi. Vidole vyake vikaanza. Akavibana kati ya magoti, navyo vikaendelea huko huko, kitenge kikawa kinatikisika. Akavikalia. Akavitoa. Alikuwa anavitazama kama vya mtu mwingine.

"Hapa nyumbani haji," akasema. "Nimejaribu. Nikianza tu nazisikia zile ngoma, na yeye anasimama, anakimbia." Akaninyooshea mikono yote miwili. "Hebu nishikie, kaka. Imenishinda."

Nikaweka faili sakafuni, nikaishika. Ilikuwa ya moto, na ndani ya viganja vyangu bado ilikuwa inagawa nywele, inavuta, inafunga. Sijawahi kushika mikono ya mtu kwa muda mrefu namna ile. Sikujua niibane au niiachie.